Ngozi Iliyokaushwa Jikoni

Ngoma ikipasuka, mwulize kwanza aliyeiwamba.

Maneno hayo Bibi Nanzia aliyasema mchana mlangoni kwa jirani, ambako watu walikuwa wamekusanyika kumlaumu kijana wa nyumba ile. Aliyasema mara moja tu, akajitanda khanga yake, akarudi kwake. Wajukuu zake wawili waliokuwa wamefuatana naye hawakumwacha apumzike. Ngoma imeingiaje katika habari za kijana yule? Na nani aliyatunga maneno hayo? Bibi, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na miwili kabla ya kustaafu, alivuta kigoda, akapakata ungo wa maharage, akaanza kuchambua huku akizungumza.

“Msidhani methali hii imetoka kwa wahenga wa kale,” alisema. “Ilizaliwa shuleni, katika darasa la muziki, na aliyesababisha izaliwe hakuitaka. Mwenyewe, aliyekuja kuwa mwalimu mwenzangu, alinisimulia, wala sikuwa nimemwuliza. Chanzo chake ni hiki.”

Juu huko milimani Upare, kwenye mashamba ya tangawizi, palikuwa na shule ya msingi iitwayo Ngulumba, na katika shule hiyo palikuwa na mwalimu aitwaye Elinihaki Mbwambo. Asubuhi alifundisha hesabu kama wenzake, lakini moyo wake ulikuwa katika chumba cha mwisho cha jengo la chini, ambacho zamani kilikuwa stoo ya majembe. Alikiomba kwa Mwalimu Mkuu mwaka mzima ndipo akapewa. Alikipaka chokaa kwa mkono wake, akapigilia rafu, akapanga juu yake vyombo alivyovikusanya kimoja kimoja: marimba mbili, kayamba sita, filimbi za mwanzi alizozitoboa kwa msumari wa moto, njuga za kufunga miguuni, na zeze moja lisilo na uzi. Ukutani alichora ngazi ya sauti kwa rangi ya buluu iliyobaki madirisha yalipopakwa.

Darasa la tano lilikuwa na watoto hamsini na watatu, na vyombo havikufika ishirini. Basi akaweka utaratibu. Asiye na chombo alipiga mapigo kwa viganja juu ya dawati, na kila wimbo ulipokwisha vyombo vilihamia safu ya nyuma yake. Hakuna aliyegusa chombo kabla mwalimu hajainua mkono, na hakuna aliyekibwaga. Chombo kilichokwisha kupigwa kililazwa polepole kama mtoto mchanga aliyesinzia. Walimu wa vyumba vya jirani walilalamikia kelele, lakini hata wao walikiri kwamba siku ya Alhamisi, siku ya muziki, watoro wote walikuwepo.

Chombo kimoja tu hakikuhama: ngoma kuu. Mzinga wake ulichongwa kwa gogo moja, urefu wake ukimfika mtoto kifuani, na kijiji ndicho kilichoitoa siku shule ilipofunguliwa. Ngoma hiyo Mwalimu Elinihaki alimkabidhi Namsifu, binti wa Sempombe, mkulima wa tangawizi. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, si msemaji. Lakini mapigo yalimkaa. Wenzake wakipandwa na mori wakaanza kukimbiza wimbo, yeye hakukimbizwa. Alibaki palepale na mikwiro yake miwili ya kupigia mpaka wote wakamrudia.

Baadhi ya wazazi walinung'unika. “Tangu lini binti akashika ngoma kuu?” aliuliza Mzee Kanju, mjumbe wa kamati ya shule. Mwalimu Elinihaki akamjibu palepale kikaoni, “Mzee wangu, ngoma haimwulizi mpigaji kama amevaa sketi au kaptula.” Watu wakacheka, maneno yakaishia hapo. Namsifu alipopata habari kwamba ametetewa, akaanza kuwahi shuleni na kukifagia chumba cha muziki bila kutumwa na mtu.

Mwaka huo Siku ya Wazazi ilipangwa mwishoni mwa Machi, na afisa elimu wa wilaya alitarajiwa. Zikiwa zimebaki siku sita, Mwalimu Elinihaki alifungua chumba akakuta panya wameitafuna ngozi ya ngoma kuu, wameacha tundu la kupitisha ngumi. Akaenda kwa mchinjaji, akapata ngozi ya mbuzi. Kazi ya kuwamba aliijua vizuri. Alifundishwa na babu yake. Ngozi huloweshwa siku tatu mpaka ilegee, huwambwa ikiwa mbichi, kisha huachwa kivulini wiki nzima ikauke yenyewe taratibu. Babu alikuwa akisema ngozi haipendi kuharakishwa.

Lakini siku zilikuwa sita. Aliilowesha usiku mmoja tu, akaiwamba kesho yake. Kisha mvua za masika zikaingia na ukungu ukalala juu ya milima, ukawa hauondoki hata saa sita ya mchana. Siku ya tatu ngozi ilikuwa bado inatoa maji ukiibonyeza kwa kidole, na ukiipiga inatoa sauti ya gunia. Mwalimu akaibeba ngoma mpaka jiko la shule, kibanda cha mabati ambamo uji wa watoto ulipikwa, akaisimamisha karibu na mafiga.

Mpishi, Mama Nambike, aliitazama ngoma, akamtazama na yeye.

“Mwalimu, ngozi ikikaushwa kwa moto huwa ganda. Mimi nimeziona nyumbani kwetu.”

“Mama Nambike, wewe nipikie uji,” alijibu Mwalimu Elinihaki. “Ngoma niachie mimi.”

Mama yule akarudi kwenye uji wake. Ngoma ikakaa jikoni siku mbili. Asubuhi ya Siku ya Wazazi mwalimu aliigonga, ikaitika kwa sauti kali inayopasua hewa, akafurahi. Akaona inaweza kuwa kali zaidi kidogo, maana afisa atakaa mbali, kwenye turubai. Akakaza kamba. Akakaza tena.

Uwanja ulijaa. Wazazi walikaa kwenye mabenchi yaliyotolewa madarasani, wageni chini ya turubai, na darasa la tano lilitoka mistari minne, njuga zikilia miguuni. Mwalimu Elinihaki aliinua mkono. Namsifu akaanzisha, na wimbo ukasimama imara. Afisa elimu akaanza kutikisa kichwa kufuata mapigo. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaingia, na katikati ya ubeti wa pili ngoma ikalia “pwaa!” kama mpapai uliovunjika. Ngozi ilikuwa imechanika kutoka ukingo mpaka ukingo.

Wimbo ukakatika. Upande wa nyuma mtu akacheka. Mzee Kanju hakucheka. Alimgeukia mwenzake wa kushoto kama mtu asemaye, si nilisema mimi? Mwalimu Mkuu alikunja uso. Afisa akamtazama Mwalimu Elinihaki, akisubiri.

Hapo ndipo alipotokwa na maneno ambayo hakuyapanga. Alikuja kuniambia kwamba aliyasikia yakitoka kana kwamba anayasema mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.

“Nimekwambia mara ngapi usipige kwa fujo? Umeharibu ngoma ya kijiji kizima! Weka mikwiro chini, toka.”

Namsifu alimwangalia. Hakulia. Aliilaza mikwiro juu ya benchi, polepole, sambamba, kama alivyofundishwa, akajifuta viganja kwenye sketi, akapita katikati ya mistari ya wenzake akaenda zake. Kwenye mabenchi ya wazazi baba yake alisimama, akavua kofia. “Tuwieni radhi wageni wetu,” alisema, akatoka kumfuata binti yake. Watu wakampisha njia huku wakitazama chini.

Sherehe ilipokwisha, Mwalimu Elinihaki aliipeleka ngoma chumbani akafunga mlango. Akafungua kamba, akaivua ngozi. Upande ule uliokuwa umeelekea mafiga ulikuwa na ukanda wa hudhurungi, mpana kama kiganja. Aliupinda kidogo, ukameguka. Akausugua kati ya vidole, ukawa unga. Mpasuko ulianzia palepale. Hata kama ngoma ile angeigusa mtoto wa chekechea kwa kidole, ingepasuka.

Aliketi kwenye dawati la mbele kwa muda mrefu. Kisha akaikunja ile ngozi mara nne, akaisukuma nyuma ya kabati, akajiambia kwamba kesho atasema.

Kesho yake Mwalimu Mkuu alimwita ofisini kabla hajapata nafasi ya kusema chochote. “Wazazi wamechukia,” alisema. “Kuanzia leo ngoma kuu ipigwe na wavulana. Tusijitafutie maneno.” Mwalimu Elinihaki akaitikia, “Sawa, Mkuu.” Alipopita jikoni kwenda darasani, Mama Nambike alimpa kikombe cha uji kama siku zote. Hakumkumbusha lolote. Mwalimu aliona afadhali angetukanwa. Uji ule aliumwaga nyuma ya jengo.

Namsifu hakuonekana siku hiyo, wala iliyofuata. Alhamisi darasa la tano liliingia chumba cha muziki kimya, na chumba kilikuwa hakijafagiwa. Mwalimu alisimama kando ya mzinga mtupu wa ngoma. “Tukipata ngozi nyingine,” aliuliza, “nani atapiga?” Hakuna mkono ulioinuka. Wavulana waliokuwa wakiigombania ngoma ile mwezi uliopita waliinamisha vichwa wakakwaruza madawati kwa kucha. Aliinua mkono waanze wimbo, wakaimba. Lakini waliimba kwa sauti ya chini, kila mmoja akiogopa chombo kilichokuwa mikononi mwake. Msichana mmoja alikuwa ameshika kayamba bila kuitikisa kabisa. Alipoulizwa kwa nini, alijibu, “Itavunjika, Mwalimu.”

Mwalimu Elinihaki akawaachia mapema.

Mchana wa siku hiyohiyo, alipokuwa bado amekaa peke yake mle chumbani, mlango ukabishwa. Alikuwa Baba Namsifu, na binti yake nyuma yake. Mzee Sempombe alibeba mzigo uliofungwa kwa majani ya mgomba. Aliuweka juu ya dawati, akaufungua. Ilikuwa ngozi ya mbuzi, mbichi, imeparwa vizuri, haina hata tundu.

“Mwalimu, nimekuja kulipa kosa la mwanangu,” alisema. “Mbuzi mwenyewe ni wa nyumbani, yule wa maziwa. Ngozi yake nzuri. Binti nimemwonya, nimemleta akusaidie kuiwamba, ili ajue kazi ya kitu kabla ya kukiharibu.”

Mwalimu Elinihaki hakuweza kumkaribisha kiti. Aliigusa ngozi ile kwa ncha za vidole. Ilikuwa bado na uvuguvugu.

Namsifu alisogea, akashika ukingo mmoja kwa adabu kama msaidizi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, bila ujanja wowote, kama mtoto anayetaka kujua aanzie wapi:

“Mwalimu, na hii tutaikausha jikoni kama ile?”

Mwalimu aliondoa vidole vyake kwenye ngozi.

“Uliiona ile jikoni?” aliuliza mwalimu.

“Ndiyo. Nilipeleka kuni zamu yetu. Ilikuwa inatoa moshi kidogo upande mmoja. Niliigeuza.”

“Uliigeuza.”

“Niliigeuza, halafu nikaikuta umeirudisha.”

“Sasa kwa nini hukusema, Namsifu? Siku ile, mbele za watu, kwa nini hukusema?”

Mtoto alimtazama baba yake, akamtazama mwalimu, hakuelewa anaulizwa nini. “Mwalimu ulisema ni mimi,” alijibu. “Nikajua labda ni mimi.”

Kuna aibu inayomjia mtu usoni akaona joto, nayo huisha. Iliyomjia Mwalimu Elinihaki haikuwa ya namna hiyo. Alikwenda nyuma ya kabati, akaitoa ile ngozi ya zamani, akaikunjua mbele ya Mzee Sempombe, akamwonyesha ule ukanda ulioungua. Akamweleza yote: usiku mmoja wa kulowesha badala ya siku tatu, jiko, onyo la Mama Nambike, na kamba alizozikaza asubuhi. Akamwambia pia kwamba aliijua kweli hii jioni ya siku ileile akaificha.

Mzee Sempombe alisikiliza mpaka mwisho. Alimega kipande cha ule ukanda, akakiponda, akakipuliza.

“Yule mbuzi alikuwa na maziwa, Mwalimu,” alisema. “Mdogo wake huyu alikuwa akiyanywa.”

“Nisamehe, Baba Namsifu.”

“Nimekusikia.” Alivaa kofia yake. “Lakini mwanangu ulimtia hatiani uwanjani, watu wakiwa wamejaa. Haya ya leo unaniambia mimi chumbani, mlango umefungwa.”

Akamshika binti yake mkono wakaondoka. Ngozi mbichi aliiacha pale juu ya dawati.

Jumamosi palikuwa na kikao cha wazazi. Mwalimu Elinihaki alikuwa na siku mbili za kufikiri njia rahisi. Alifikiria kumwandikia Mwalimu Mkuu barua. Alifikiria kusema kwamba ngozi ilikuwa mbovu tangu kwa mchinjaji, jambo ambalo hakuna ambaye angelibisha. Alifikiria hata kuomba uhamisho. Kila njia aliyoifikiria ilimrudisha kwenye ile mikwiro miwili iliyolazwa sambamba juu ya benchi.

Kikao kilipofunguliwa alisimama kabla ajenda haijasomwa, ngozi iliyoungua ikiwa mkononi.

“Wazazi wangu,” alisema, “ngoma ya kijiji haikupasuliwa na Namsifu. Niliipasua mimi.”

Mwalimu Mkuu akainuka nusu. “Mwalimu, mambo haya tungeyamaliza ofisini.”

“Mkuu, sikumfukuza mtoto ofisini.”

Akasema yote. Alipofika kwenye maneno ya Mama Nambike, akamtazama mpishi yule aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, “Huyu aliniambia, nikamjibu apike uji.” Mama Nambike aliinamisha macho, hakufurahi, alimwonea haya. Alipofika kwenye siku zile ambazo ngozi ilikaa nyuma ya kabati, watu walianza kunong'ona. Mama mmoja alisonya. Akaisambaza ngozi ile mkono kwa mkono, kila mtu akaona pale palipoungua.

Ngozi ikamfikia Mzee Kanju. Aliishika muda mrefu kuliko wengine, akaipindapinda, unga ukamwangukia magotini. Kila mtu alingoja ukali, maana mzee yule ulimi wake ulijulikana.

“Mwalimu amejisema,” alisema hatimaye. “Lakini na sisi tusijitie usafi. Tulikuwa pale zaidi ya mia mbili, watu wazima, wengi wetu tumekulia kwenye ngoma. Ngoma imepasuka, macho yetu yote yakamwendea mtoto aliyeshika mikwiro. Mimi wa kwanza, na nilikuwa na sababu yangu mnayoijua. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ngoma hii nani aliiwamba. Ngoma ikipasuka, mwulize kwanza aliyeiwamba.”

Hivyo ndivyo maneno hayo yalivyotamkwa mara ya kwanza. Kikao kiliamua palepale kwamba amri ya kuwazuia wasichana ifutwe. Mwalimu Elinihaki alitembea mpaka kwa Mzee Sempombe, akamwomba radhi mbele ya wote, kisha akachuchumaa akamwomba radhi Namsifu kwa jina lake. Mtoto alimwitikia kwa heshima, “Ahsante, Mwalimu.” Wiki ile mwalimu alimpelekea Mzee Sempombe mbuzi wa maziwa. Mzee alimpokea, akamfunga kamba, akasema, “Mbuzi ameingia.”

Ngozi ile mpya ililoweshwa siku tatu. Ilikaushwa kivulini siku tisa, kwa sababu ukungu haukuondoka, na hakuna aliyeigusa. Ilipokauka, ilitoa sauti nzito na tulivu, sauti ambayo ngoma ile haikuwa nayo kabla. Namsifu alirudi shuleni, akarudi chumba cha muziki. Alhamisi ya kwanza Mwalimu Elinihaki alimnyoshea mikwiro.

“Hapana, Mwalimu,” alisema. “Ahsante. Nitashika kayamba.”

Alhamisi ya pili alimnyoshea tena, akajibiwa vilevile. Ya tatu pia. Ya nne hakumnyoshea, maana alielewa kwamba sasa anaomba ili kuituliza nafsi yake mwenyewe, si kwa ajili ya mtoto. Akampa msichana mwingine, akamfundisha. Namsifu alimaliza darasa la saba akiwa safu ya nyuma na kayamba yake, mapigo yake hayajapotea hata moja, wala ngoma kuu hakuigusa tena.

Na yale maneno ya Mzee Kanju yakashuka mlimani pamoja na magunia ya tangawizi. Yakasemwa sokoni Same, yakasemwa kwenye vikao vya harusi na kwenye mabaraza ya usuluhishi. Mtoto akifeli, mke akirudi kwao, kijana akiharibikiwa, mtu mmoja atasimama ayaseme. Miaka mingi baadaye Mwalimu Elinihaki alikuwa mgeni kwenye kikao cha ukoo usio wake, mbali na Ngulumba. Baba mmoja alikuwa akimshutumu mwanawe kwa ghadhabu, ndipo bibi mmoja aliyekuwa pembeni akayatamka. Watu wakaguna kukubali. Hakuna aliyemjua yule mgeni wala aliyejua maneno hayo yalikotoka. Mwalimu aliinamisha kichwa akatazama mikono yake, akakaa hivyo mpaka kikao kikaisha. Ndiyo siku aliyorudi shuleni kwetu akanisimulia.

Bibi Nanzia aliupepeta ungo mara moja, makapi yakaruka. Mjukuu mkubwa alikuwa akitazama upande wa nyumba ya jirani, ambako sauti za kulaumu zilikuwa bado zinasikika.

“Bibi,” alisema, “mbona pale hawajamwuliza baba yake hata swali moja?”

“Ndiyo maana niliwaambia vile,” Bibi alijibu. “Ngoma ikipasuka, mwulize kwanza aliyeiwamba.”